Mwenye Bunduki Hupangwa Mjini

Juzi niliwapeleka wanangu wawili kuona mvuke wa Olkaria. Tulipokaribia yale mabomba makubwa yanayopanda na kushuka milimani, mdogo akabana pua na kuuliza ni nani kati yetu amejamba, wakacheka wote wawili hadi wakaegemeana. Mimi niliteremsha kioo cha gari hadi chini. Harufu ile ya mayai yaliyochemshwa yakasahaulika kwenye sufuria, wengi huikimbia. Kwangu ni harufu ya baba yangu. Nililia kidogo, watoto wakadhani ni moshi umeniingia machoni, nami sikuwasahihisha kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na inaniaibisha. Ngoja niwaambie nyinyi wa rika langu, mliokua wakati kabambe, ile ya batani na tochi, ndiyo ilikuwa simu, na mtu asiyepatikana akiitwa mteja.

Baba alikuwa soja. Simaanishi mwanajeshi, namaanisha soja wa kampuni, wa sweta la maruni, rungu na filimbi, yule ambaye watu humpita getini bila kumtazama usoni. Kampuni yake ilikuwa na ofisi Nakuru, lakini yeye walikuwa wamempanga Olkaria, kwenye geti la nyumba walimokaa mainjinia wa kigeni waliokuja kuchimba visima vya mvuke. Alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi, siku nne tu, kisha akapotea tena. Siku ya kwanza alilala kutwa nzima. Mimi nilikaa kando ya kitanda na sweta lake mapajani nikinusa ule mvuke, nikisubiri aamke, na nikiogopa hata kufunua ukurasa wa daftari nisije nikamwamsha.

Tuliishi Kaptembwa, chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, mimi na dada yake Baba niliyemwita Tata. Tata aliuza mitumba. Aliondoka asubuhi na mapema na kurudi jua likizama, amechoka kiasi kwamba maneno yake yote yalikuwa yamekwishia sokoni. Mama alikuwa ameolewa tena Keringet. Huko alikuwa na shamba la viazi na watoto wengine wawili, na kila nilipompigia kwa simu ya Tata alikuwa mteja. Watoto wa ploti waliniita mtoto wa watchie na kufunga mchezo nilipotokea. Kwa hiyo baada ya shule nilikaa mlangoni nikisikiliza maji yakidondoka kwenye tangi. Nilikuwa mpweke sana. Wakati huo sikujua kwamba hali hiyo ina jina. Nilidhani ndivyo alasiri zilivyo.

Baba aliniita mami, kwa sababu nilirithi jina la mamake, na siku ya pili ya likizo yake ilikuwa lazima anitoe. Siku moja tulikuwa tumetoka kuninunulia viatu vya shule tukapita mbele ya benki. Mlangoni alikaa mwanamume kwenye kiti cha plastiki, bunduki ndefu imelala mapajani. Msichana wa rika langu alikuwa amesimama mbele yake na mkebe wa chakula, na yule mwanamume ameinama anamfunga kamba ya kiatu. Alipomaliza akamtengeneza kola, akafungua mkebe, akaanza kula huku msichana akimsimulia jambo. Nilimwonea wivu msichana yule kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote.

"Baba, mbona wewe hawakuweki hapa?"

Baba akacheka. "Mami, si unaona huyo ako na bunduki? Mwenye bunduki hupangwa town. Sisi wa rungu tunapelekwa kuchunga moshi."

"Na wewe ukipata bunduki?"

"Nikipata bunduki? Hiyo siku nitakuwa nakula lunch kwa nyumba, na wewe ndio utanipakulia."

Alikuwa anatania. Baba alitania kila kitu, hata njaa. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na nililichukua neno lake kama sheria ya nchi. Sare ya yule wa benki ilikuwa tofauti na ya Baba, nikasema moyoni kwamba ndiyo sare ya cheo.

Haikupita miezi mingi, Baba akarudi na kitu kirefu kilichofungwa kwa blanketi. Familia moja ya injinia ilikuwa imemaliza mkataba na kurudi kwao. Asubuhi ya kuondoka, mke wa injinia alikuwa na haraka ya ndege, akawa anagawa vitu mlangoni: mpishi akapewa sufuria, mtunza bustani akapewa baiskeli, na Baba, kwa sababu aliwahi kumwambia kwamba ana mtoto nyumbani, akapewa bunduki ya kuchezea ya mwanawe. Aliifunga kwa blanketi lake, na zamu ilipokwisha akaondoka nayo.

Hapa lazima nieleze jambo. Katika makazi yale hakuna kitu kilichotoka getini bila karatasi iliyotiwa sahihi, gate pass kama walivyoiita. Hata kuku aliyechinjwa alihitaji karatasi yake. Na aliyedai karatasi hizo, aliyepekua mikoba ya watu na kuwarudisha, alikuwa Baba mwenyewe.

"Na wewe ulitokaje nayo?" Tata akamuuliza.

Baba akasimama katikati ya chumba, akajipigia saluti. "Nilijisimamisha, nikajisachi, nikajiachilia."

Nilicheka hadi nikakohoa. Tata hakucheka. "Hiyo kitu inafanana ya polisi," alisema. "Itupe."

"Ni toy, bana. Ona." Akanionyesha mdomo wa mtutu, uliokuwa wa rangi ya machungwa. "Lakini mami, sikia. Hii haitoki nje ya hii ploti. Na usielekezee mtu. Sawa?"

"Sawa, Baba."

Nyinyi msidhani ilikuwa takataka ya plastiki ile ya kuuzwa barabarani. Ilikuwa nzito kama debe la maji nusu. Kitako chake kilikuwa na mlango mdogo wa kuwekea betri, na ndani ya tumbo lake kulikuwa na mota na gia zilizovuta springi na kuiachilia. Ilirusha vitufe vyeupe vya plastiki, vidogo kama minji kavu. Baba aliielekeza kwenye blanketi tulilotundika ukutani, akavuta kifyatulio. Ikalia rrr ya uvivu, kitufe cha kwanza kikagonga blanketi, cha pili kikaanguka njiani, cha tatu kikadondoka miguuni pake. Kisha ikanyamaza kabisa.

"Wazungu nao," Baba akasema. "Wametupatia maiti."

Akaisukuma chini ya kitanda, na siku mbili baadaye akarudi Olkaria. Alipoondoka nilishinda nikiitazama, na wazo likaniingia likakaa. Bunduki ndiyo hii. Kilichobaki ni kuiponya.

Sikuwa mjinga. Nilijua ni ya watoto. Lakini hapo mtaani kwetu nilikuwa nimeona kibanda cha mabati kikiongezwa mawe, kisha dirisha, kisha ghorofa, hadi kikaitwa hoteli. Nilikuwa nimeona baiskeli ikitiwa injini. Nilidhani bunduki nazo hukua hivyo hivyo, kwamba unaanza na ya mtoto, unaiongezea nguvu kidogo kidogo, na siku moja unakuta imekuwa ya mtu mzima. Hakuna aliyenifundisha hivyo, na hakukuwa na mtu wa kuniambia sivyo.

Jumamosi iliyofuata niliifungua vipande viwili, nikavitia kwenye begi la shule na kwenda Bondeni kwa fundi Sefu. Babu yake Sefu alikuja kutoka Pwani na reli, na familia yao ilikuwa bado inazungumza Kiswahili kilichonyooka, hata wakigombana. Alitengeneza redio, pasi na feni katika kibanda kilichoegemea ukuta wa msikiti, na aliwachukia watu wa simu. Simu hazina utumbo, alisema. Ukizifungua ni aibu tupu. Alipoifungua bunduki yangu na kuona gia tatu za chuma zimeshikana meno, uso wake ukabadilika.

"Hii ni kazi ya mtu mwenye akili," alisema. "Nani kakutuma?"

"Baba," nikadanganya.

"Basi keti. Unasoma?"

"Darasa la tano."

Hakutaka malipo. Macho yake hayakuona tena vitu vya karibu, na alihitaji mtu wa kumsomea maandishi madogo kwenye vyuma na betri. Nikawa nakwenda kila Jumamosi. Nilimsomea namba, naye aliitibu bunduki yangu, na katikati yetu kulikuwa na harufu ya lehemu inayoyeyuka. Nadhani hata bila bunduki ningalikwenda. Ndiye mtu pekee aliyeniambia keti.

Betri ndiyo ilianza. Fundi Sefu alipasua betri kuukuu ya kompyuta iliyotupwa na saibakafe moja, akatoa vipande vyake na kuvipima kimoja kimoja. "Betri ya kompyuta ikifa, mwanangu, haifi yote," aliniambia. "Wanakufa wawili watatu, walio hai wanatupwa pamoja nao." Alichagua vitatu vilivyo hai, akaviunganisha, akavifunga utepe mweusi. Bunduki ikalia drrr, kwa kasi ya cherehani, nikaruka nyuma. Jumamosi nyingine tukaosha gia kwa mafuta ya taa na kuzitia grisi, kisha akakata viduara vyembamba kutoka kwa kopo la soda na kuviingiza pembeni ili zisicheze. Ya tatu akaweka visahani viwili vidogo vya bati nyuma ya springi ili ikazike zaidi. Mtutu nao niliusafisha mwenyewe kwa kijiti na kitambaa cha fulana ya Baba.

Nyumbani nilijaribu kazi yetu mchana, ploti ikiwa tupu. Nilipima kwa milango. Wiki ya betri, kitufe kilifika mlango wa tano. Wiki ya grisi kilifika kwa tangi. Wiki ya springi nilisimamisha kopo la soda juu ya jiwe la kufulia, nikalala kifudifudi kizingitini na kufyatua. Kopo likaanguka. Nilipoliokota nilikuta tundu upande mmoja, na kitufe kikicheza ndani. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Nilikaa nalo mkononi hadi jioni, kisha nikalitupa Tata asilione. Vitufe vyangu nilivikusanya kila siku na kuviosha, navyo vilinitosha kama watoto wengine wanavyotoshwa na marafiki.

Jumamosi nilipompelekea fundi Sefu habari ya tundu, aliweka bisibisi chini.

"Basi. Hapa tumefika. Ikizidi hapa inatoka kwa watoto inaingia kwa askari, na mimi sina ugomvi na askari. Na hiki kipande cha rangi mdomoni usikiguse kamwe, ndicho kinachowaambia watu ni mchezo."

Alikuwa ananionya. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia, kwamba bunduki yangu imefika mpakani na imebaki hatua moja. Nikarudi nyumbani, nikatoa kopo la dawa ya viatu ya Baba, nikaupaka mdomo wa mtutu mara tatu, nikausugua kwa brashi hadi ukang'aa kama buti za soja.

Shule zilipofungwa nilivaa yunifomu ili niheshimiwe. Niliitia bunduki kwenye gunia la viazi, nikaibeba begani kutoka Kaptembwa hadi katikati ya mji. Nikikumbuka ile njia leo napata baridi mgongoni. Nilimpita askari wa trafiki, nikamsalimia.

Ofisi ya kampuni ilikuwa orofa ya pili. Mlangoni kulikuwa na mwanamke wa mapokezi, na ndani, nyuma ya meza, msimamizi mnene aliyekuwa na kitabu kikubwa cha zamu mbele yake. Nikapiga saluti aliyonifundisha Baba. Nikatoa bunduki kwenye gunia na kuilaza mezani juu ya kile kitabu.

"Nimeleta bunduki ya Baba," nilisema. "Sasa mnaweza kumpanga benki."

Mwanamke wa mapokezi akaangusha kikombe. Msimamizi alirudi nyuma na kiti chake hadi ukutani, mikono juu. "Weka chini! Weka chini pole pole!"

"Iko chini," nikamwambia.

Mikono ikateremka pole pole. Kisha msimamizi akasogea, akaigusa kwa kidole kimoja, na kidole kikatoka cheusi. Akasugua mdomo wa mtutu kwa leso, rangi ya machungwa ikatokea. Hapo wakacheka, wote wawili, kicheko cha watu waliookoka ajali, nami nikacheka nao kwa sababu nilidhani mambo yamekaa sawa.

"Wewe msichana, nusura uniue na pressure," akasema akijipangusa. "Baba yako ni nani?"

Nilimtajia jina, namba ya kazi na mahali alipopangwa. Namba yake niliijua kwa moyo kama wimbo.

"Na hii kitu alitoa wapi?"

"Huko site. Mama mmoja mzungu alimpa akienda kwao."

"Alikuwa na gate pass?"

Nilikumbuka jinsi nilivyocheka siku ile, nikataka nao wacheke tena. Nikasimama wima katikati ya ofisi na kujipigia saluti kama Baba. "Alijisimamisha, akajisachi, akajiachilia!"

Msimamizi hakucheka. Alivuta kile kitabu kutoka chini ya bunduki yangu, akatafuta ukurasa wa Olkaria, akaandika. Kisha akaniambia nirudi nyumbani, bunduki ibaki hapo. Mwanamke wa mapokezi alinipa soda na kunisindikiza hadi kwenye ngazi, ameniwekea mkono kichwani. Nilidhani ananipongeza. Nilishuka nikiruka ngazi mbili mbili.

Siku ya nne Baba alirudi, na haikuwa mwisho wa mwezi. Alikuwa na mkoba wake na sanduku lake la bati, lakini hakuwa na sweta. Nikamrukia shingoni.

"Wamekupanga benki? Baba, wamekupanga benki?"

Alimtazama Tata juu ya kichwa changu. Tata alifungua mdomo. Baba akatikisa kichwa, kidogo tu, na Tata akaufunga.

"Ndiyo, mami," akasema. "Wamenileta town."

Miezi iliyofuata ndiyo mizuri kuliko yote niliyoishi nikiwa mtoto, na siwezi kuikumbuka bila kuona haya. Nilikuwa na baba kila siku. Shule zilipofunguliwa, asubuhi tulitoka pamoja, akanifikisha lango la shule na kuniambia nisome kwa bidii, na watoto wa ploti wakaona. Jioni alirudi, akaoga kwenye karai nyuma ya nyumba, tukala. Nilipomuuliza yunifomu yake iko wapi, alisema watu wa benki huziacha kazini. Wakati wa kula alitusimulia mambo ya huko: mzee aliyesinzia kwenye foleni hadi akapitwa na wote, mama aliyekuja na mbuzi akaambiwa mbuzi hana akaunti. Nilicheka kila mara. Tata alikuwa ameanza kuinuka mapema na kuondoa sahani kabla hatujamaliza. Nilidhani ana wivu.

Baba hakunuka tena mayai. Alinuka vitunguu na dizeli. Nilijiambia labda benki iko karibu na soko.

Ijumaa moja walimu walikuwa na mkutano, tukaachiliwa mapema. Nilikuwa nimengojea siku kama hiyo. Nilipika ugali na mayai, nikatia kwenye mkebe wenye kifuniko, nikapiga viatu dawa, nikaenda benki. Katika kichwa changu nilikuwa tayari nimelegeza kamba ya kiatu kimoja ili aifunge.

Kwenye kile kiti cha plastiki alikaa yule yule wa siku ile.

"Sasa, boss," nilisema. "Namtafuta Baba. Ni soja wa hapa."

"Baba gani?" Hakuwa mkali. "Hapa nje ni mimi tu. Na mimi ni polisi, mtoto. Soja hawezi kupewa hii." Alipapasa bunduki yake. "Hata akae kazini miaka mia. Labda ni benki ingine."

Nilizizunguka benki zote nilizozijua. Kisha miguu ikanipeleka sokoni, na hadi leo siwezi kusema kwamba sikuwa najua. Kulikuwa na lori la viazi linapakuliwa. Wanaume walipanga mstari nyuma yake, kila mmoja akiinama, akitwikwa gunia mgongoni na kuondoka nalo mbio fupi fupi. Wa nne alikuwa Baba. Alikuwa na fulana iliyopasuka begani na kipande cha gunia kichwani, na vumbi lilikuwa limemfanya mzee.

"Wewe Gate Pass!" aliyekuwa juu ya lori akamfokea. "Songa! Ama umejisimamisha tena?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akaongeza, "Wacha ajisachi kwanza!"

Baba naye akacheka. Akasogea, akainama, akapokea gunia.

Nilielewa yote pale pale, na mambo mengine nikayaelewa nikiwa bado sijui maneno yake. Yule msimamizi na kile alichokiandika kitabuni, kilichomfuta Baba kazi. Tata na mdomo wake. Nilijificha nyuma ya rundo la kabichi. Kisha nikaketi, nikafungua mkebe, nikala chakula chake chote bila njaa, tonge baada ya tonge, ili mkebe urudi nyumbani mtupu na nisiulizwe lolote. Nilitaka sana kukimbia nikamshike mguu na kumwomba msamaha. Sikwenda. Niliona kwamba nikienda, nitamnyang'anya hata kile kidogo alichobaki nacho kwangu.

Baba alizikwa miaka michache iliyopita, na katika maisha yake yote hakuniambia, wala sikumwambia. Kuna watu wanaosema ukweli huponya. Wapo, sibishani nao.

Jioni ile alirudi, akaoga, akaketi. Kwa kawaida alianza hadithi zake kabla ya kunawa mikono, lakini siku hiyo alikaa kimya, akilikanda bega lake la kushoto. Tata aliweka ugali mezani. Nilisikia kimya kile kikikaribia kuvunjika, nikaogopa kitakachotoka ndani yake.

"Baba," nikasema, "leo benki ilikuwaje?"

Alinitazama. Akaondoa mkono begani.

"Aah, leo, mami! Foleni ilifika hadi barabarani."

"Na wewe ulikaa kwa kiti chako?"

"Siku nzima. Hii miguu haijui kazi."

Tata aliinuka akatoka nje kuanua nguo, na siku hiyo hakukuwa na nguo zilizoanikwa. Tulibaki wawili. Nilimuuliza hivyo kila jioni tangu siku hiyo hadi nilipokwenda shule ya bweni, naye alinijibu kila jioni, na sidhani kama aliwahi kuchoka.

"Na bunduki?" nikamuuliza jioni ile. "Ile niliyokutengenezea?"

Baba alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Ile ni bunduki nzuri sana, mami," alisema. "Haijawahi kunisumbua hata siku moja."

Nikasema afadhali, nikamwongezea ugali.